Kuzuru mnara wa taa wa mbao wa Hooper Strait, St. Michaels, Maryland

Mkaa Potomac aliuliza:

Salaam wanajukwaa. Naomba msaada wa wanaoijua ghuba ya Chesapeake. Jumamosi moja ya mwezi wa saba tunatoka Silver Spring kwenda St. Michaels kuuona mnara wa taa wa mbao wa Hooper Strait, ule uliomo kwenye makumbusho ya bahari. Tuko watano: watu wazima wawili, watoto wa miaka 6 na 11, na mama mkwe aliyetimiza 70, magoti yanamsumbua.

Tutoke saa ngapi na tushike njia ipi? Mama ataona nini bila kupanda ngazi? Humo ndani tutazame nini, maana sitaki tupande, tupige picha, tushuke, basi. Na la mwisho ni la ushamba kidogo: nyumba ya mbao ilisimamaje katikati ya maji? Minara niliyoizoea, kama ule wa Chumbe wa 1904, ni mawe matupu. Huu kwenye picha ni kama kibanda kilichopandishwa juu ya miguu ya buibui.

Dereva wa 50 alijibu:

Nianze na barabara, maana huko ndiko siku inakoharibika.

Kutoka kwenu ni kilomita 120 hivi. Shikeni barabara kuu namba 50 kwenda mashariki, mvuke Daraja la Ghuba ya Chesapeake. Ng'ambo ya pili, pale Queenstown, 50 na 301 zinaachana: kaeni kulia mbaki kwenye 50. Mkifika Easton ingieni 322, kisha kulia kwenye 33. Kutoka hapo ni kama kilomita 16, njia moja kwenda na moja kurudi. Hiyo 33 ndiyo inayoingia mjini na kugeuka kuwa Talbot Street, mtaa mkuu. Makumbusho iko mkono wa kulia, upande wa bandari.

Tatizo ni daraja. Jumamosi ya kiangazi kila mtu anakwenda Ocean City, mji wa ufukweni, na wote wanapita hapo hapo. Daraja la kwenda mashariki ni lile la zamani, la 1952, lenye njia mbili tu. La kurudi, la 1973, lina njia tatu. Foleni ikizidi, hugeuza njia moja ya lile la kurudi iwe ya kwenda, na ukipangiwa hiyo utakuwa unatazamana na magari yanayokuja. Si hatari, ila mwenye moyo mwepesi aambiwe mapema. Urefu ni karibu kilomita 7, juu kabisa ni mita 56 kutoka majini, na hakuna mahali pa kusimama. Wako watu wanaoogopa daraja hilo kiasi kwamba kuna huduma ya kulipia: dereva anashika usukani wa gari lako na kukuvusha.

Kwa hiyo muwe barabarani saa moja asubuhi. Ukitoka saa tatu, hesabu saa nzima ya ziada kabla ya daraja. Kurudi Jumamosi jioni hakuna shida kubwa; balaa la kurudi ni Jumapili alasiri.

Ushuru unalipwa upande wa kwenda tu, na siku hizi hakuna kibanda cha kupokea pesa taslimu. Kama huna E-ZPass, kile kifaa cha garini cha kulipia ushuru, kamera inasoma namba ya gari na bili inakuja nyumbani, ghali zaidi. Kama gari ni la kukodi, ulizeni kabla, maana kampuni nyingi huongeza ada yao juu ya ushuru huo, na mara nyingine ada inaushinda ushuru wenyewe.

Usafiri wa umma msiuwazie.

Mwana wa Seremala alijibu:

Swali lako la mwisho si la ushamba hata kidogo. Ndilo swali lenyewe.

Chumbe kuna mwamba wa matumbawe, jengo la mawe lina pa kukaa. Sakafu ya Chesapeake sehemu nyingi ni tope na mchanga laini. Ukijenga mnara wa mawe hapo, utazama kwa uzito wake. Dawa aliileta Alexander Mitchell, mhandisi wa Ireland aliyekuwa kipofu, aliyepata hataza yake 1833: nguzo ya chuma yenye bamba pana la parafujo kwenye ncha. Nguzo inasimamishwa wima, juu yake inafungwa miti mirefu, watu wanaisukuma wakizunguka kama ngamia wa kinu cha ufuta, na nguzo inajikata yenyewe kushuka chini ya tope. Bamba lile likishazikwa linafanya kazi mbili: linazuia nguzo isizame zaidi, na linaishika ising'oke mawimbi yakiinyanyua nyumba. Parafujo yenyewe huwezi kuiona, maana kazi yake ni kuzikwa. Kinachoonekana ni nguzo na fito za chuma zinazopishana kati yake kuzifunga zisiyumbe.

Hapo ndipo mbao inapoingia. Nguzo za namna hiyo zinabeba mzigo, ila si mzigo wa mawe. Nyumba ikawa ya mbao, ya pembe sita, paa limeinuka katikati na kibanda cha taa juu yake. Pembe sita si urembo: kila pembe inakalia nguzo yake, na ya saba inasimama katikati. Upepo nao haupati ukuta mmoja mpana wa kuupiga. Minara ya aina hii ilijengwa takribani 40 katika ghuba hii, na kwa pesa ndogo ukilinganisha na ya mawe.

Udhaifu wake haukuwa moto wala kuoza. Ulikuwa barafu. Ghuba ikiganda kisha barafu ikavunjika, mabamba yanasukumwa na maji kupwa na kujaa, yanarundikana kwenye nguzo hadi chuma kinakatika. Mnara wa kwanza wa Hooper Strait ulijengwa 1867, na Januari 1877 barafu ikauchukua mzima. Walinzi wawili walitoka na mashua wakiiburuta juu ya barafu, wakakaa nje karibu saa 24 ndipo wakaokolewa. Kwenye mnara wa Sharps Island 1881 ilikuwa zaidi: nyumba iling'oka walinzi wakiwa ndani, ikaelea nao zaidi ya saa 16 mpaka ikakwama ufukweni, na lenzi wakaiokoa. Baadaye walimwaga mawe kuzunguka nguzo ili barafu ivunjikie huko kabla ya kufika kwenye chuma.

Huo mnaokwenda kuuona ni wa pili, uliowashwa 1879. Ulikuwa mbali kusini, kwenye mlango wa maji kati ya visiwa vya Hooper na Bloodsworth, ukiongoza vyombo vinavyotoka ghuba kuu kuingia Tangier Sound. Taa ikafanywa ya kujiendesha 1954, walinzi wakaondoka, na nyumba ya mbao bila mtu inachakaa upesi. 1966 ilikuwa ibomolewe, makumbusho ikainunua. Waliikata vipande viwili kwa mlalo, chini kidogo ya ukingo wa paa, wakaipakia kwenye tishari na kuipandisha kaskazini hadi St. Michaels. Mkizunguka nje, tazameni pale kuta zinapokutana na paa, ndipo msumeno ulipopita.

Nendeni chini ya sakafu kwanza, kabla ya kupanda. Inueni macho mtazame boriti zinavyokalia vichwa vya nguzo. Mama naye anaweza kuyaona hayo yote akiwa amesimama chini, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu bora ya mnara.

Bint Ras Serani alijibu:

Namuunga mkono Mwana wa Seremala kuhusu kuanzia chini, lakini msiidharau taa. Hiyo nguzo na hizo mbao zote zipo kwa ajili ya kitu kimoja cha kioo.

Lenzi ya Hooper Strait ni ya aina iitwayo Fresnel, daraja la tano. Madaraja huhesabiwa kutoka kubwa kwenda ndogo: la kwanza mtu mzima anaingia ndani akasimama, la tano kipenyo chake cha ndani ni milimita 375, unaweza kulikumbatia. Watu husema lenzi "inakuza" mwanga. Haikuzi. Utambi unatoa mwanga kila upande, mwingi ukipotea juu angani na chini majini. Ule mshipi wa kioo wa katikati unaupinda, na zile pete za pembetatu za juu na chini zinaupinda na kuurudisha, ili wote utoke mlalo kuelekea upeo wa bahari. Muonyeshe huyo wa miaka 11: asogeze kichwa juu na chini polepole akiitazama lenzi, ataona picha ya kilicho nyuma yake ikipinduka kutoka pete hadi pete. Asiiguse. Mafuta ya vidole yanashika vumbi, vumbi likifutwa linakwaruza, na mkwaruzo hauondoki. Walinzi walivaa aproni ya kitani wakiisafisha, ili vifungo vya koti visiguse kioo.

Kwa nini mlinzi alikesha? Kwa sababu moto lazima ukae kitovuni mwa lenzi. Ukipanda au kushuka milimita chache tu, mwanga unakwenda mawinguni au unaishia miguuni pa mnara. Taa ya mafuta ina tabia zake: utambi ukiungua upande mmoja, moto unainama, ukitoa moshi, chemni inapata masizi na nusu ya mwanga imekwisha. Kwa hiyo kukata utambi, kufuta chemni, kuongeza mafuta, kisha unarudia. Na mchana mapazia yanashushwa. Wengi hudhani ni kuzuia vumbi, kumbe ni jua: lenzi inayotoa mwanga nje inaweza pia kuukusanya wa jua ndani na kuchoma kilichopo.

Kitu cha pili ni kengele ya ukungu. Siku ya ukungu taa haina faida, nahodha anasikiliza. Mashine yake ni kama saa kubwa inayoendeshwa na uzito: unazungusha mpini, uzito unapanda, kisha unashuka polepole ukiendesha nyundo inayopiga kengele kwa vipindi maalumu. Vipindi ni saini ya mnara, hivyo nahodha anajua yuko kwa nani. Uzito ukifika chini kengele inanyamaza, kwa hiyo unaamka kuuvuta tena, usiku kucha, siku mbili, tatu, ukungu ukipenda. Mashine ikivunjika mlinzi anapiga kwa mkono. Tazameni kamba na magurudumu ya meno. Hiyo mashine ndiyo iliyowachosha walinzi kuliko taa.

Kitu cha tatu kidogo: maji. Hakuna kisima baharini. Mvua ya paa inaingia kwenye mifereji, inashuka kwenye matangi ndani ya nyumba. Lakini paa hilo hilo linapigwa chumvi na kukaliwa na ndege, kwa hiyo mvua ya kwanza inaachwa iende ikilisafisha, ndipo mfereji unaelekezwa tangini. Waswahili wenye mabirika ya mvua wanaijua desturi hiyo. Choo kilining'inizwa nje ya ukumbi, juu ya maji. Watoto watakipenda kuliko lenzi, msijisumbue kuwaelekeza.

Mkaa Potomac:

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Maswali mawili zaidi. Ngazi za ndani zikoje kwa mtoto wa miaka 6? Na kuna jamaa ananiambia niachane na huu wa makumbusho, niende Thomas Point, kwamba huo ndio "wa kweli" kwa sababu bado uko majini. Ni hivyo?

Dereva wa 50:

Jamaa yako hakosei, ila hajui una nani ndani ya gari. Thomas Point Shoal, wa 1875, ndio pekee wa aina hii uliobaki pale pale ulipojengwa kwenye Chesapeake, umbali wa kama kilomita mbili na nusu kutoka ufukweni karibu na Annapolis. Safari zake ni chache, za kiangazi, kwa boti, na bahari ikichafuka zinaahirishwa. Kutoka botini unapanda ngazi ya wima ya chuma na kuingia kwa mlango wa sakafuni. Mama mwenye magoti asahau, na wa miaka 6 pia abaki. Weka huo kwa mwaka mwingine, wewe na mwenzio.

Upo pia Drum Point, wa 1883, kwenye makumbusho ya Solomons. Nao ni wa mbao na pembe sita, ulihamishwa 1975 ukiwa mzima bila kukatwa. Kwa mtu wa Silver Spring una faida moja kubwa: huvuki daraja. Unashuka kwa barabara namba 4 hadi karibu na mwisho wa wilaya ya Calvert. Mkiona utabiri wa foleni unatisha, geuzeni njia bila majuto. Ule wa Baltimore, Seven Foot Knoll, mwekundu wa duara, usiuhesabu: ni wa chuma.

Bint Ras Serani:

Ngazi: kutoka chini hadi ukumbi wa nje ni ngazi za kawaida zenye mkono wa kushikia, mama akitaka anaweza kujaribu taratibu na akifika hapo ameshaingia nyumba yenyewe, jikoni na vyumba vya chini. Kutoka hapo kwenda juu ni nyembamba na kali, kama za merikebu. Wa miaka 6 anapanda vizuri. Kushuka ndiko kwenye ajali. Ashuke kinyumenyume, uso kwenye ngazi, na mtu mzima atangulie chini yake, si juu yake. Mikono yote miwili iwe mitupu, kwa hiyo mkoba, simu na chupa ya maji vibaki chini na mama. Viatu vya kufunga, si ndala. Anayetaka kupanda asubiri anayeshuka amalize, hakuna pa kupishana.

Mwezi wa saba kule juu ni tanuri, kioo pande zote na paa juu ya kichwa. Pandeni asubuhi mkifika tu, mengine mfanye baadaye.

Mwana wa Seremala:

Kwa mama, akiwa anawasubiri: pale pale kuna karakana ya vyombo vya mbao, kwenye ardhi tambarare, na mara nyingi mafundi wako kazini mbele za watu. Mtaona kalfati, nyuzi za kuziba nafasi kati ya mbao, inagongwa kwa patasi butu na nyundo ya mti, kama kwetu, ila huku ni pamba kwanza kisha lami au putini, si shahamu.

Ulizeni ilipo *Edna E. Lockwood*. Ni chombo cha chaza cha 1889, na mwili wake haukujengwa kwa mbao za mbavu. Ni magogo tisa yaliyochongwa na kuunganishwa ubavu kwa ubavu: mtumbwi, lakini wa magogo tisa. Magogo hayo yalichoka, na 2018 alirudi majini akiwa na mapya yaliyochongwa humo humo karakanani. Ubaya wa magogo ni kwamba huwezi kubadilisha ubao mmoja uliooza. Uozo ukiingia kwenye kiungo kati ya magogo mawili unakula yote mawili, na maji ya mvua yanayotuama ndani ni mabaya kuliko ya bahari, kwa kuwa maji matamu hulisha kuvu na chumvi huizuia. Sheria hiyo hiyo inaihusu nyumba ya mnara. Mkitaka kuona nyumba ya mbao inaumwa wapi, msitazame katikati ya ubao, tazameni ncha zake, pale nyuzi za mti zilipokatwa, chini ya madirisha na kwenye kizingiti. Hapo ndipo rangi hupasuka kwanza na maji hunywewa.

Bint Ras Serani:

Na msipite bila kuiona nyumba ndogo ya Mitchell, iko ndani ya uwanja huo huo. Ilikuwa ya Eliza Bailey Mitchell, dada yake Frederick Douglass, yule mpiganiaji maarufu wa kukomesha utumwa. Douglass mwenyewe alizaliwa utumwani 1818 katika wilaya hii hii ya Talbot, na akiwa kijana alikaa hapa St. Michaels. Mwaka 1836 yeye na wenzake walipanga kutoroka kwa mtumbwi, wapande ghuba kuelekea kaskazini. Mpango ukavuja, wakakamatwa kabla ya kushika kafi. Ukitoka nyumba ya dada yake ukayatazama maji, ndiyo njia waliyokuwa waifuate.

Nyumba ni ya chini, mama atafika bila shida. Chukueni kofia, na chakula mle kabla ya saa saba mchana. Baada ya hapo mikahawa ya kaa imejaa na mtasubiri meza muda mrefu kuliko mlivyosubiri darajani.